Nyundo ya "kilo 50" haina uzito wa kilo 50

Mhunzi wa Changamwe akiona nyundo ya mashine iliyotumika imeandikwa "kilo 50", huenda akaita pikapu. Hizo ni kilo za kichwa kinachopiga tu. Fuawe yake, chuma cha chini kinachopokea pigo, yataka uzito wa angalau mara 10 ya hapo, na mashine nzima aghalabu hupita tani moja. Tafuta lori na kreni.

Mota kuwaka nako si ushahidi wa uzima. Zima umeme, egemeza kichwa kwa gogo, kitikise: kikicheza sana kwenye reli zinazokiongoza juu na chini, kitapiga upande. Mulika fremu na pale daizi, yaani vyuma vinavyogusa kazi, zinapobanwa. Ukiona ufa, achana nayo hata wakikupa bure. Mota ya Marekani ya umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), kwenye hezi 50 zetu, hupoteza moja ya sita ya mwendo.