Mpango wa kujifungua si begi peke yake

Akina mama wengi nikiwauliza kliniki, mpango wako wa kujifungua ukoje, wananiambia begi liko tayari. Leso ziko, pedi ziko, nguo za mtoto zishafuliwa na kupigwa pasi, mashallah. Lakini mimi kama mkunga hapa Mombasa begi halinitii wasiwasi, kinachonitia wasiwasi ni ile saa nane ya usiku uchungu ushaanza alafu nyumba nzima inangoja mtu mmoja ashike simu.

Baba yuko melini, ama yuko Uarabuni, ama ana shifti bandarini, mama mkwe anasema tusubiri kidogo, wifi anasema twende, na wewe hapo katikati umeuma leso. Kwa hivyo mimba ikifika miezi saba hivi kaeni na mumeo muulizane, asipopatikana nani ataamua? Alafu amwambie mamake mwenyewe, manake likitoka mdomoni mwa mwanawe halina ubishi usiku ule. Na upasuaji jamani, mwanamke mtu mzima mwenye fahamu zake anatia sahihi mwenyewe, Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa ya mgonjwa, si ya mume. Daktari akisema mtoto amechoka ndani usingoje simu ya Doha.

Njia nayo. Wa Kisauni hana shida za wa Likoni ama Mtongwe, ng'ambo ya feri. Feri inavusha usiku na mchana, na ambulansi hutangulizwa, lakini tuktuk haitangulizwi kama ambulansi, na feri ikishaondoka unabaki pale rampu ukihesabu uchungu. Kuna barabara ya Dongo Kundu kwa mwenye gari, ni mzunguko lakini haina foleni ya feri. Ulizia kliniki kama hospitali ya upande wako ina thieta, chumba cha upasuaji, inayofanya kazi usiku na ina damu, na kama ulipasuliwa mimba iliyopita, ama una mapacha, ama presha iko juu, mimi ningekuambia wiki za mwisho uhamie kwa shangazi ama ndugu yeyote anayekaa karibu na hospitali utakayozalia, usione haya kuomba.

Mimba ya kwanza unaweza kungoja nyumbani mpaka uchungu uje kila dakika 5, kila mmoja ushike kama dakika nzima, na uende hivyo kwa saa moja. Ya pili na kuendelea toka mapema, huwa zina haraka. Lakini ukitokwa na damu, kichwa kikikuuma sana na macho yakawa na ukungu, ukishikwa na degedege, chupa ikipasuka kabla ya wakati ama maji yakawa ya kijani, ama mtoto akipunguza kucheza, hapo hakuna kuhesabu, ni kwenda saa hiyo hiyo.

Jua grupu yako ya damu na nani kwenu anaweza kutoa. Ukiwa negativu na mtoto akizaliwa positivu unahitaji sindano ya anti-D, ya kukinga mimba zijazo, ndani ya saa 72, kwa hivyo ulizia kabla kama hospitali inayo ama itabidi mnunue. Na SHA, bima ya afya ya serikali: Linda Mama ile ya zamani ya kuzaa bure sasa ni Linda Jamii, inataka uwe umejisajili na umelipa, sasa usingoje mpaka uko kitandani.

Yale unayoyapenda wewe pia yaandike, ni haki yako kuyaomba: nani akae nawe leba, utembee badala ya kulala chali, mtoto awekwe kifuani, kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1 kama mtoto analia vizuri, titi ndani ya saa ya kwanza. Wodi zingine haziruhusu mtu kuingia kwa sababu vitanda viko wazi vimekaribiana, uliza kliniki mapema wasije kumrudisha mlangoni. Andika kwa ufupi, ukurasa mmoja, ubandike ndani ya kijitabu cha kliniki, na namba ya dereva wa tuktuk anayelala mtaani kwenu iwe juu kabisa.