Msaada wa Maendeleo na Lori Lililosimama Namanga

Katika kazi yangu ya ushauri wa taratibu za forodha, wafanyabiashara huniuliza mara kwa mara jinsi fedha za wafadhili zinazosemwa kuwa ni za kukuza biashara zinavyomfikia mtu anayesafirisha mahindi au saruji. Nitajibu kwa kutumia mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa huko ndiko msaada huo unakoonekana kwa macho, na huko pia ndiko udhaifu wake unakojitokeza upesi.

Mpango wa kuelekeza misaada kwenye biashara ulizinduliwa rasmi Desemba 2005, katika mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Hong Kong. Hoja yake ilieleweka kwa urahisi: kuipunguzia nchi maskini ushuru hakuifai kitu ikiwa mzigo wake unakwama njiani. Mwaka 2010 likaanzishwa shirika la kukuza biashara, TradeMark East Africa, ambalo sasa linaitwa TradeMark Africa, kwa fedha za Uingereza na nchi nyingine za Magharibi. Japani nayo ikagharimia daraja na kituo cha mpakani cha Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, vilivyozinduliwa Aprili 2016. Vituo vya Busia, kati ya Kenya na Uganda, na Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, vilizinduliwa mwaka 2018.

Zamani dereva alisimama mara mbili katika kila mpaka, kwanza kutoka nchi moja, kisha kuingia nyingine, na kila upande ulikuwa na foleni yake na karatasi zake. Katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, lori hupita upande wa nchi linakotoka bila kusimama, na maofisa wa nchi zote mbili hulishughulikia katika jengo moja upande wa nchi linakoingia. Jambo hili laonekana dogo mpaka ujiulize ofisa wa Kenya anapata wapi mamlaka ya kuzuia mzigo akiwa amesimama katika ardhi ya Tanzania. Ndiyo maana ilihitajika sheria ya Jumuiya, ya mwaka 2016, inayomwezesha kutumia sheria za nchi yake ndani ya eneo la udhibiti wa pamoja lililopo nchi jirani. Kuta na kompyuta hununuliwa kwa mkataba mmoja. Kuzishawishi idara za forodha, uhamiaji, afya, kilimo na viwango zikubali kukaa meza moja huchukua miaka, na hakuna anayelikatia utepe jambo hilo.

Sekta binafsi inahitajika hapa kwa sababu ndiyo inayojua bei ya kuchelewa. Ofisa haoni gharama ya lori kulala mpakani. Anayeiona ni msafirishaji anayemlipa dereva posho, na wakala wa forodha ambaye dhamana yake imeshikiliwa hadi mzigo ufike. Mwaka 2014 taasisi za umma na za binafsi zinazotumia bandari ya Mombasa zilitia saini hati ya ahadi za pamoja kuhusu utendaji wa Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia ya mizigo kutoka Mombasa kwenda Uganda na nchi nyingine za bara. Kwangu mimi ushirikiano wa namna hii una thamani kuliko semina kumi za wadau, kwa kuwa kila upande unaweza kuulizwa umetimiza nini.

Hata hivyo, mpaka mzuri hauuzi bidhaa isiyokubalika. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, na malori yakakwama Namanga, mbele ya kituo kilichokuwa na umri wa miaka miwili na ushei. Zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, likiwemo la cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Kikwazo kilikuwa kimehama: hakikuwa tena getini, kilikuwa shambani na ghalani, mahali ambapo mahindi hukaushwa juu ya udongo kwa kukosa turubai. Kwa maoni yangu, mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu nchini Tanzania, ambao fedha zake zilipitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni mradi wa biashara ya nje sawasawa na jengo lolote la mpakani, ijapokuwa mara nyingi huhesabiwa kuwa ni wa kilimo tu.

Wafanyabiashara wadogo nao wana cheti chao cha uasili kilichorahisishwa, kinachothibitisha kwamba bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Asiyekijua hubaki na njia za panya, ambako huilipa bodaboda na kuhatarisha mtaji wake wote.

Tangu Marekani ilipoivunja USAID, shirika lake la misaada ya maendeleo, mwaka 2025, ninaposoma andiko la mradi ninaanza na kurasa za mwisho za bajeti, nikitafuta ni nani atakayelipia matengenezo ya skana na leseni za programu mfadhili akishaondoka. Mara nyingi nakuta neno moja tu, "serikali", bila kifungu cha bajeti wala mwaka.