Je, wajua kwa nini ukibadilisha valvu, sauti ya hedifoni nayo hubadilika?

Amplifaya ya hedifoni yenye valvu mbili iko mezani. Unaizima, unachomoa valvu zake, unachomeka nyingine zenye namba ile ile lakini za kiwanda kingine, kisha unawasha. Taarabu ni ile ile na hedifoni ni ile ile, ila sasa udi umesogea karibu, au fidla imepungua ukali, au kuna mvumo ambao haukuwapo. Hakuna waya ulioguswa. Kilichobadilika ni kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba.

Waliokulia Mji wa Kale wa Mombasa enzi za redio za sanduku la mbao wanazikumbuka valvu: uliwasha redio, ukangoja ipate moto ndipo iseme. Ule moto ndio mwanzo wa jibu. Ndani ya kioo hewa imetolewa karibu yote. Katikati kuna hita, uzi unaong'aa rangi ya kaa. Hita hupasha kathodi, kimrija kilichopakwa oksaidi za bariamu na strontiamu, na kathodi ikishika joto humwaga elektroni. Nje kuna anodi, bamba lenye volti chanya linalozivuta elektroni hizo. Hadi hapo ni wazo la kifaa alichokitengeneza John Ambrose Fleming, Uingereza, mwaka 1904. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza kitu cha tatu katikati ya hivyo viwili: gridi, waya mwembamba kupita unywele uliozungushwa kama springi. Muziki huingia kwenye gridi. Volti yake ikipanda au kushuka kidogo tu, mto mzima wa elektroni hupanuka au kubanwa.

Sasa fikiria umbali kati ya gridi na kathodi: ni sehemu ndogo ya milimita moja, na kazi hiyo imefanywa kwa mkono na mashine, valvu moja baada ya nyingine. Rezista ya shilingi chache huja na hitilafu isiyozidi asilimia 1. Valvu mbili mpya za namba moja kupishana kwa asilimia 10 au zaidi si ajabu. Tena yenyewe huchakaa, na ndiyo maana imewekewa soketi badala ya kulehemiwa. Kwa hiyo ukibadilisha valvu umebadilisha sehemu isiyo na uhakika kuliko zote katika amplifaya, na umeibadilisha pale pale sauti inapokuzwa.

Tofauti hiyo hulifikia sikio kwa njia kadhaa, na ya kwanza ndiyo inayowadanganya wengi: ukubwa wa sauti. Valvu ya ECC83 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, ECC81 ina 60, ECC82 ina takriban 17. Hata kwa namba moja, valvu iliyo na nguvu zaidi kwa asilimia 10, katika saketi isiyo na mrejesho (isiyorudisha sehemu ya sauti nyuma ili ijisahihishe), hupandisha sauti kwa desibeli 0.8 hivi. Tofauti ndogo kama hiyo sikio haliisemi kuwa "imepanda". Linasema "imesafika", "ina uhai". Kwa hiyo kabla hujasifu valvu yoyote, sawazisha. Cheza kwenye simu toni moja ya hezi 400, acha hedifoni ikiwa imechomekwa, pima kwa mita ya fundi iliyowekwa AC kwenye njia ya kutokea, uweke sauti isome volti 0.300. Ukishabadilisha valvu, rudisha usomaji huo huo, usipishane zaidi ya volti 0.003. Hapo umebaki ndani ya sehemu ya kumi ya desibeli, na sifa nyingi zinazotolewa kuhusu valvu fulani huyeyuka hapo hapo.

Zinazobaki ni za kweli. Kamba ya udi ikitoa hezi 220, triodi, yaani valvu hii ya kathodi, gridi na anodi, huiongezea kidogo hezi 440, ambayo ni noti ile ile, oktavi moja juu. Kwa vipimo vya maabara hilo ni kosa. Kwa sikio ni unene, maana linaafikiana na noti yenyewe. Kiasi cha nyongeza hiyo hutegemea umbo la ile gridi na volti ambazo saketi imeipa valvu, na ndipo "joto" la valvu linalosemwa sana linapotoka. Valvu iliyochoka huongeza zaidi, hadi unene unageuka ukungu.

Njia nyingine inahusu amplifaya ambazo valvu yenyewe ndiyo inayosukuma hedifoni bila transfoma ya kutolea sauti. Ukinzani wa njia ya kutokea hapo huwa makumi ya omu. Chukua hedifoni ya omu 300 ambayo kwenye besi hupanda hadi omu 550, ukinzani wa amplifaya ukiwa omu 80: besi hupanda kwa karibu desibeli 0.9 kuliko sauti za kati. Weka valvu zinazoshusha ukinzani hadi omu 40 na nyongeza hiyo hushuka hadi nusu desibeli. Hapo umebadilisha besi kweli, na mita itakuonyesha. Ukichomeka kwenye amplifaya hiyo hedifoni ya omu 32, sauti hupwaya na hakuna valvu itakayoiponya. Katika amplifaya za mseto, ambazo nyuma ya valvu kuna transista, valvu haisukumi hedifoni, kwa hiyo hoja hii haipo na tofauti baina ya valvu huwa ndogo zaidi.

Hata hivyo, kama amplifaya yako ina valvu ndogo mbele na kubwa nyuma, anza na za mbele. Hizo ndizo zinazokuza. Zile kubwa kama 6AS7G ni wapagazi tu, na bei yake ni kubwa kwa mabadiliko madogo.

Sasa namba, na hapa ndipo vyombo vinapoungua. Kwa mtindo wa Ulaya, E ni hita ya volti 6.3, CC ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja, na 8 inayofuata ni kitako cha pini tisa. P badala ya E ni hita ya miliampia 300, na ndiyo maana PCC88 hutaka volti 7. Kwa Wamarekani tarakimu za mwanzo ndizo volti za hita: 12AX7 ni ile ile ECC83, maana hita yake ina kituo cha katikati kwenye pini 9 na yaweza kulishwa volti 12.6 au 6.3.

ECC82 na ECC88 zote zina pini tisa na zote huingia kwenye soketi moja bila ubishi. Lakini ECC88 ina hita ya volti 6.3 kati ya pini 4 na 5, na pini yake ya 9 ni kinga tu. Ukiiweka mahali palipotayarishiwa ECC82 kwa volti 12.6, hita inapata mara mbili ya haki yake na inaungua. Ukiiweka pale ambapo pini 4 na 5 zimeunganishwa pamoja, haiwaki kabisa. Na hata hita ikinusurika, anodi ya ECC88 mwisho wake ni volti 130, wakati ECC82 huvumilia 300. Kuingia kwenye soketi si kibali.

Mtego wa pili ni ampia. Watu hupenda kuweka 6N1P ya Urusi badala ya ECC88 kwa sababu bei yake ni rahisi na pini zinalingana. Lakini ECC88 hula miliampia 365 za hita, na 6N1P hula 600. Kwa valvu mbili umeibebesha transfoma karibu nusu ampia zaidi. Msimu wa kaskazi, chumba kikiwa nyuzi 32 kabla hujawasha chochote, transfoma iliyotengenezwa bila akiba haichelewi kunuka varnishi.

Stima yetu yenyewe ina neno lake. Kenya ni volti 240. Amplifaya nyingi za bei nafuu zinazoshuka bandari ya Kilindini zimefungwa transfoma ya volti 220. Piga hesabu: 6.3 mara 240 gawanya kwa 220, unapata volti 6.87. Kikomo cha kawaida cha hita ni asilimia 10 juu au chini, yaani 5.7 hadi 6.9. Kwa hiyo uko ukingoni hata kabla stima haijapanda usiku wa manane. Kathodi inayopikwa hivyo huisha mapema, na mwenye chombo hulaumu valvu. Kama hita zinalishwa kutoka saketi inayodhibiti volti, hili halikuhusu. Kama zinatoka moja kwa moja kwenye transfoma, fundi anaweza kuweka rezista ya omu 0.47 ya wati 2 kwenye kila waya wa hita. Kwa ECC82 mbili zinazokula jumla ya ampia 0.6, hizo mbili hupunguza volti 0.56 na kukurudisha kwenye 6.3. Kazi hiyo ni ya fundi, si ya mwenye hedifoni: ndani ya sanduku hilo kuna volti mia mbili na ushei za anodi, na kapasita huzishikilia hata plagi ikiwa imechomolewa. Chombo kilichotoka Marekani au Japani, cha volti 120 au 100, hakichomekwi ukutani kabisa bila transfoma ya kushusha.

Kubadilisha kwenyewe hakuhitaji kufungua sanduku. Punguza sauti hadi mwisho, toa hedifoni, zima, chomoa plagi, ungoje dakika 15, maana kioo huchoma vidole na kapasita zinahitaji kumwaga chaji. Shika valvu chini, karibu na soketi, uizungushe kidogo kidogo kama unayelegeza kizibo huku ukivuta juu wima. Ukiisukuma upande mmoja utapinda pini au kupasua kioo pale pini zinapopenya, na valvu iliyopata ufa huko imekwisha. Maandishi usiyasugue, hutoka kwa jasho tu. Kwenye valvu mpya tazama nafasi pana kati ya pini 1 na pini 9, ilinganishe na soketi, sukuma kwa usawa. Pini iliyopinda inyooshe kwa plaisi yenye ncha nyembamba, taratibu. Ukishawasha, ngoja dakika nzima kabla ya kuchomeka hedifoni. Valvu zinapopata moto kuna kishindo ambacho hakifai kufika kwenye spika ndogo iliyo sikioni mwako.

Hewa ya chumvi ni adui mwingine. Nyumba ikiwa inaelekea bahari, Likoni au Nyali, pini hufifia na soketi huota ukijani, na matokeo yake ni mikwaruzo ambayo watu huidhani ni valvu mbovu. Mara nyingi kuchomoa na kuchomeka tena kwaiponya kwa wiki moja, jambo linalowafanya waamini kuwa valvu mpya imeleta nafuu. Safisha pini kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa, na matundu ya soketi kwa kile kiburashi cha kusafishia katikati ya meno. Spiriti ya hospitali usiitumie, baadhi huwa na mafuta ndani. Msasa nao ukae mbali.

Ukinunua za zamani zilizokaa stoo, tazama doa la fedha ndani ya kioo. Doa hilo ni bariamu inayonyonya hewa iliyobaki. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, rudisha. Jina lililochapwa halithibitishi kitu, maana majina ya zamani yameuzwa: valvu mpya zenye jina la Mullard hutengenezwa Saratov, Urusi, si Blackburn, Uingereza. Kwa pesa ya kawaida, JJ za Slovakia zinatosha kabisa kujifunzia, na kama sikio lako halitofautishi jozi mbili baada ya kusawazisha ile volti 0.300, pesa yako ipumzike.

Kama kuna kelele baada ya kubadilisha, usikimbilie kununua nyingine. Gonga kioo taratibu kwa penseli ya mbao: ikilia kama kengele kwenye hedifoni, vipande vyake vya ndani vimelegea, na itaokota kila mtikisiko wa meza. Mvumo mzito wa hezi 50 mara nyingi ni uvujaji kati ya hita na kathodi. Ule mkali wa hezi 100 unatoka kwenye saketi inayolisha chombo umeme na valvu haihusiki. Na kama kelele iko upande mmoja, hamisha valvu ya kulia iende kushoto. Kelele ikihama nayo, valvu ndiyo. Ikibaki palepale, rudi kwenye soketi na ule ukijani.