Msumeno wa injini wa kukatia kuni: usiununue kwa urefu wa baa

Anayetafuta msumeno wa injini wa kuni, ile pawasoo ya kawaida, huanza kwa kutazama baa, ule ulimi wa chuma unaobeba cheni. Akiuona mrefu, anatoa pesa. Baa ya inchi 22 kwenye injini ndogo ni mzigo tu: cheni inakwama ndani ya gogo na klachi inateleza hadi inaungua.

Magogo ya mkaratusi ya sentimita 20 hadi 35 yanakatwa vizuri na baa ya inchi 16, yaani sentimita 40. Chukua 18 ukipenda. Gogo nene zaidi, kata upande mmoja kisha uzunguke wa pili.

Injini ya cc 45 hadi 50 inatosha, ila inategemea unakaa wapi. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua, na injini hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Stihl MS 250 yenye kilowati 2.3 kwenye karatasi zake, Nakuru inakupa kama 1.9. Kwa hiyo Kisumu au Busia ningechukua hiyo ya cc 45 bila wasiwasi. Nakuru kupanda Molo ningetafuta ya cc 50, kama Husqvarna 450.

Urefu huohuo wa mahali huua pistoni. Msumeno uliosetiwa Molo ukishuka nao Kisumu, unakuta hewa nzito na petroli haitoshi. Injini inalia sauti nyembamba kama nyuki, inachemka, pistoni inakwaruzika. Fungua skrubu ya kabureta yenye alama H kwa moja ya nane ya mzunguko, ukirudia, hadi injini ikorome kidogo ikiwa imekanyagwa mafuta hadi mwisho bila kukata, na mkoromo uishe cheni ikiingia kwenye mti.

Zile za Kichina zenye namba 5200 au 5800 sizidharau. Bei ni nafuu na spea hazisumbui. Ila namba si nguvu, uliza kilowati. Kabla ya kulipa, washa, elekeza ncha ya baa kwenye katoni umbali wa sentimita 20, kanyaga mafuta. Usipoona mstari wa oili kwenye katoni, pampu haifanyi kazi, na baa itaungua ndani ya siku chache. Hakikisha pia breki ya cheni inashika. Isiposhika, rudisha hata ukipunguziwa bei.

Wa mitumba una jaribio lake. Zima swichi, shika mpini wa kamba ya kuwashia, uinue msumeno uning'inie. Ukishuka polepole kwa kushtukashtuka, kompresheni ipo. Ukianguka moja kwa moja, ringi zimekwisha. Kisha fungua silensa utazame pistoni: mikwaruzo ya wima mara nyingi maana yake uliendeshwa bila oili ya kutosha.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakipima oili ya tustroki, ile inayochanganywa na petroli, kwa kifuniko cha chupa. Oili nzuri ya 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita ya petroli. Nunua sirinji ya mililita 20 kwenye agroveti: sirinji moja, lita moja. Oili chafu ya gari usiiweke kwenye cheni. Chembe za chuma zilizomo husaga pampu.

Cheni ya .325 (pichi, yaani nafasi kati ya viungo vyake, kwa inchi) hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4.8, kila unapojaza tangi. Ikitoa vumbi badala ya vipande, imeshachelewa. Na msumeno ukikata kwa kupinda kulia, meno ya kulia ni marefu au makali kuliko ya kushoto: tafuta jino fupi kuliko yote, kisha punguza mengine yalingane nalo.