Dini au madaraka? Tunayoyasema kuhusu Waislamu wa Afrika ya Kati, na yaliyotokea

Vita vya Jamhuri ya Afrika ya Kati vikitajwa, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaosema ni dini, wapo wanaosema dini ni kisingizio tu. Waislamu huko ni wachache, kama asilimia 10 hadi 15 ya wananchi, na yaliyowapata kuanzia 2013 hayaelezeki kwa jibu moja kati ya hayo mawili.

"Ni mahasimu wa tangu na tangu"

Hapana. Walioana, wakazikana, wakanunua nyama bucha moja. PK5, mtaa wa Waislamu katika mji mkuu, Bangui, ndio uliokuwa soko la mji mzima. Wafulani walileta ng'ombe, na wafanyabiashara wa Kiislamu walishika duka la jumla na kununua almasi kwa wachimbaji wa Carnot na Boda. Nisiremba, hata hivyo. Mwislamu aliitwa "Mchadi" hata kama babu yake alizaliwa hapohapo, na kwenye vizuizi vya barabarani alidaiwa karatasi na pesa kuliko wenzake. Dharau ilikuwapo zamani. Mauaji ya halaiki hayakuwapo.

"Séléka walikuja kuisilimisha nchi"

Séléka, muungano wa makundi ya waasi, waliingia Bangui tarehe 24 Machi 2013 na kumpindua Rais François Bozizé, ambaye naye alikuja kwa mtutu mwaka 2003. Wengi wao walikuwa Waislamu wa kaskazini mashariki, pande za Vakaga zilizosahauliwa na kila serikali, wakiwa na mamluki wa Chad na Sudan. Madai yao yalikuwa ya dunia hii hasa: mikataba ya amani ya 2007 na 2008 itekelezwe, wapiganaji walipwe na waingizwe jeshini. Kiongozi wao, Michel Djotodia, akawa rais wa kwanza Mwislamu, na sharia hakuitangaza.

Ila waliua na kupora: magari, ofisi, makanisa, nyumba za watu. Na kwa kuwa mara nyingi nyumba ya Mwislamu walikuwa wakiiruka, jirani aliyeporwa alitazama na kuweka moyoni. Muuza duka ambaye hakushika bunduki wala kumweka Djotodia ikulu akaandikiwa deni asilokopa.

"Anti-balaka ni jeshi la Kikristo"

Anti-balaka ni wanamgambo waliopigana na Séléka, na vyombo vya habari viliwaita jeshi la Kikristo kwa sababu ni rahisi. Vifuani walijining'iniza hirizi, vifuko vya ngozi walivyoamini vinageuza risasi, na miongoni mwa waliowaongoza walikuwamo askari wa zamani wa Bozizé. Waliposhambulia Bangui tarehe 5 Desemba 2013, shabaha ilikuwa kumng'oa Djotodia. Viongozi wa makanisa waliwalaani hadharani. Huko Bossemptélé, Padri Bernard Kinvi aliwahifadhi Waislamu zaidi ya elfu moja katika misheni yake, huku wanamgambo haohao wakimtishia. Bangui, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alimpa hifadhi nyumbani kwake Imamu Oumar Kobine Layama. Jeshi la kanisa linalotishia mapadri wake ni jeshi la ajabu.

"Basi ni siasa tu, dini haihusiki"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, maana husemwa na watu wanaojiona wameelewa.

Djotodia alijiuzulu tarehe 10 Januari 2014. Wapiganaji wa Séléka wakarudi kaskazini na mashariki. Kama shida ilikuwa ikulu tu, mauaji yangepungua hapo. Kumbe ndiyo yalizidi, kwa sababu Waislamu waliobaki magharibi walikuwa raia tu. Malori ya kuwahamisha yakaanza kutoka Bangui kwenda Chad. Februari hiyo, katika msafara mmoja, mtu alidondoka kutoka kwenye lori, na umati ukamuua palepale. Malori yakishapita, watu waliingia mitaa iliyoachwa na kubomoa: mabati, milango, fremu za madirisha. Misikiti ilibomolewa vilevile. Machi 2015 Samantha Power, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alisema misikiti 417 kati ya 436 ya nchi nzima imeharibiwa.

Tamaa ya mali imo humo, sikatai. Mdeni alinufaika mkopeshaji alipokimbia, na aliyetaka kibanda sokoni alikipata. Lakini mwizi wa kawaida haulizi unasali wapi. Huku magharibi wapo waliobaki kwa sharti la kubatizwa, na wengine walisali kwa kujificha. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha kwamba anti-balaka waliwafagia Waislamu kwa makusudi, ingawa haikuyaita mauaji ya kimbari. Kwa maoni yangu, madaraka ndiyo yaliyoleta bunduki, lakini dini ndiyo iliyotumika kuchagua wa kufa. Aliyechaguliwa hivyo ukimwambia "ni siasa tu" unamtukana.

Berberati, mji ambao baadaye walipangiwa walinda amani wa Tanzania, Waislamu waliosalia walijibanza katika uwanja wa askofu.

"Waliouana kwa dini hawawezi kukaa meza moja"

Wakubwa walikaa. Séléka walipogawanyika, kundi la FPRC la Noureddine Adam lilishirikiana na anti-balaka kumpiga Ali Darassa wa UPC, kundi jingine lililotoka Séléka, Mwislamu mwenzao, na Wafulani raia wakauawa mjini Bria mwaka 2016. Desemba 2020 FPRC, UPC na makundi ya anti-balaka waliunda muungano mmoja, CPC, dhidi ya Rais Touadéra, na Machi 2021 Bozizé akatangazwa mratibu wake. Huku wao wakiungana, Waislamu wengi wa magharibi walikuwa bado wakimbizi Cameroon na Chad.

Tarehe 24 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimfunga Alfred Yekatom miaka 15 na Patrice-Edouard Ngaïssona miaka 12 kwa uhalifu wa anti-balaka. Yekatom alikuwa askari, kisha mbunge. Ngaïssona alikuwa waziri wa michezo wa Bozizé na mkuu wa shirikisho la soka. Hakuna aliyekuwa mhubiri, na bado kati ya makosa yaliyowatia hatiani limo la kuwaandama watu kwa sababu ya dini yao.