Je, wajua kwa nini pawasoo, yaani msumeno wa injini, ya kukodisha huharibika baada ya kurudishwa?

Huku Malindi, mwenye pawasoo au pampu ya maji hakosi wateja. Huyu ana mivinje ya kukata boriti, yule ana mnazi mkongwe unaotishia paa la jirani, na kule Lango Baya kuna mtu ambaye mboga zake zinanyauka kando ya mto Sabaki. Unampa mashine, unapokea pesa yako. Siku chache baadaye injini inanoki ukiwa umeishika wewe, na aliyeikodi anaapa kuwa aliirudisha ikinguruma. Mara nyingi anasema kweli.

Pawasoo nyingi hutumia injini ya mipigo miwili, ambayo haina oili yake ya kando kama ya gari. Oili huchanganywa na petroli, na kwa mashine nyingi za siku hizi kipimo ni mililita 20 kwa kila lita. Hiyo ndiyo inayolainisha pistoni ndani ya silinda. Sasa aliyekodi akiishiwa shambani, humtuma mwenye bodaboda alete petroli, naye huleta petroli tupu. Dakika chache zatosha pistoni kuchubuka. Injini bado yaweza kuwaka na hata kukata mti, ila nguvu imeshapungua na kila ikifanya kazi inazidi kujila. Kwa hiyo kuiwasha tu wakati wa kuipokea hakuthibitishi kitu. Fungua eksozi, mulika tochi kwenye tundu la moshi, uitazame pistoni: ikiwa na michirizi ya kusimama, imekwisha kuumia.

Pampu nayo ina siri yake. Maji inayovuta ndiyo yanayoipoza sili yake, basi ikizungushwa kavu, sili huungua na kuanza kuvuja baadaye. Mchanga wa Sabaki nao hula mapanga ya ndani polepole, hasa bomba likitumbukizwa bila chujio.

Hayo ni ya chuma. Linalonitia hofu zaidi ni mwili wa mtu. Ncha ya juu ya msumeno ikigusa gogo, pawasoo nzima huruka nyuma kuelekea uso wa aliyeishika, kabla hata hajang'amua. Breki ya mnyororo iliwekwa kwa ajili hiyo. Ukijua imekufa kisha ukaikodisha kimya, aliyejeruhiwa ana haki ya kukudai, kwa kuwa hatari uliijua. Na ukikodisha jenereta, ikiwashwa chumbani, moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini. Mwambie hivyo mteja waziwazi, hata kama ni mtu mzima kukuzidi.

Kisha uliza inakwenda kukata wapi. Msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali na Gede, na pawasoo ikikamatwa humo bila kibali, kuipata tena ni kazi.

Mashine hizi zingekuwa zangu, mimi ningekodisha pampu, tena kwa maandishi, na picha zipigwe mbele ya mteja. Pawasoo singempa mtu peke yake. Ningeitoa pamoja na mkataji ninayemjua, mafuta yakiwa yamechanganywa tayari kwenye dumu, na ujira wa mkataji uwe ndani ya bei.