Bakteria sugu wodini: maswali tunayoulizwa kila siku

Mwili wangu umezoea dawa, ndiyo maana siponi?
Hapana. Mwili hauzoei antibayotiki. Sugu ni bakteria, yaani dawa haimuui, na usugu wake umo kwenye jeni zake. Hata mtu ambaye hajawahi kumeza antibayotiki anaweza kuambukizwa bakteria ambaye tayari ni sugu.

Jeni hizo hufanya nini?
Zile ziitwazo CTX-M humpa bakteria kimeng'enya, yaani protini ya kuvunja seftriaksoni, sindano tunayoikimbilia sana. Jeni nyingine, NDM, iliyotambuliwa mwaka 2008, huvunja hata meropenemu, dawa tunayoiweka akiba. Mara nyingi jeni hizi hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hunakili na kumpa mwenzake, hata wa jamii nyingine: E. coli humpa Klebsiella.

Kwa nini hospitalini?
Antibayotiki nyingi, mipira ya mkojo, vidonda vya upasuaji, na mikono isiyooshwa. Yetu wahudumu ikiwemo.

Kabla ya kuja nilimeza vidonge vilivyobaki nyumbani. Kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Mgonjwa anafika siku ya tano, anatetemeka kwa homa, anasema "nilikuwa najituliza kidogo". Tunapeleka mkojo maabara kuotesha, tunasubiri siku mbili tatu, na mara nyingi hakioti kitu. Vidonge vimewadumaza bakteria kwenye sampuli bila kumponya mwenye homa. Tunabaki kubahatisha dawa.

Vilikuwa viwili tu.
Viwili havitoshi kuponya, lakini vinatosha kuharibu kipimo. Tena vinaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye jeni za usugu. Usimeze hata kimoja.

Na vya jirani, aliyekuwa na dalili kama zangu?
Usimeze. Dalili zikifanana, bakteria si lazima awe yuleyule. Na kama ni mafua, hayo ni ya virusi, antibayotiki haiyagusi.

Nisubiri kwanza nione?
Homa yenye kutetemeka, kupumua haraka, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua: usisubiri, usijitulize, njoo saa hiyohiyo.

Na kama nimeshameza?
Njoo hivyo hivyo, na useme. Taja dawa, lini ulianza, vingapi. Leta na pakiti yake, hata tupu. Hatutakugombeza. Labda kidogo.